Mzigo Uliotuliwa Makaburini: Maisha ya Marehemu Mzee Lenard Mika Mtewele (1949–2025)

Aliyelala mbele yetu, Mzee Lenard Mika Mtewele, alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, katika kijiji cha Ikovo, Wilaya ya Njombe, wakati huo ikiwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Mika Mtewele na Mama Germana. Cheti chake cha ubatizo kiliandikwa kimakosa kwamba alizaliwa tarehe 16. Baba yake, ambaye hakuwa mtu wa kuvumilia siku mbili za uongo, alitembea kutwa nzima hadi misheni, akalala huko, na asubuhi yake kosa likasahihishwa kabla chai haijapoa. Marehemu alipenda kukisimulia kisa hiki, na kila mara alimalizia kwa kuuliza iweje mwaka 1949, pasipo simu wala kompyuta, kosa lirekebishwe kwa asubuhi moja. Wale waliowahi kumsindikiza katika ofisi mbalimbali wanajua kwa nini aliuliza.

Alisoma shule ya msingi Ikovo kuanzia mwaka 1958 hadi 1961, kisha akaendelea na shule ya kati Kidugala, akamaliza darasa la nane mwaka 1965. Huko alifundishwa hesabu na mwalimu mmoja mkali ambaye hakuruhusu mwanafunzi kufuta kosa. Kosa lilikatwa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, sahihisho likaandikwa juu yake, na aliyekosea akatia sahihi. Marehemu aliishi kwa kanuni hiyo miaka sitini. Familia inaomba kanuni hiyo ikumbukwe, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa sehemu kubwa ya maisha yake, wala mahali tuliposimama leo.

Mwaka 1968 aliajiriwa na wapima njia ya reli kama mshika mnyororo wa kupimia, kazi iliyomfikisha Makambako wakati mji huo ungali vibanda na matope. Alijifunza huko kwamba jiwe la mpaka likishasimikwa haliguswi na mkono wa mtu asiye mpima, hata likiwa limesimikwa katikati ya jiko la mama yake. Reli ilipokamilika alibaki Makambako, na kuanzia mwaka 1977 hadi 1989 alikuwa karani wa mizigo katika malori ya Mzee Mustapha Nasiri, msafirishaji wa Lyamkena aliyehamia kutoka Kondoa. Urafiki wao haukuvunjika, ingawa kila walipokutana mtu wa pembeni angedhani wanagombana. Mzee Mustapha alizoea kumwambia, "Mbena wewe una balaa. Wenzako wakikosea wanakaa kimya, wewe ukikosea unaandika barua." Naye marehemu alimjibu, "Shehe, ningekaa kimya, nusu ya mizigo yako ingekuwa Tunduma hadi leo."

Tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa takatifu na Bi Lucia, binti wa Matamba. Wakiwa mbele ya madhabahu, marehemu alichungulia kitabu cha ndoa na kuona mchungaji ameandika tarehe 8. Alimsimamisha mchungaji. Bi Lucia, aliyekuwa amesimama kwa viatu vya kuazima tangu asubuhi, alimnong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi benchi la nne: "Lenard, oa kwanza. Tarehe haikimbii." Kitabu kilisahihishwa kwanza. Walijaliwa watoto watatu: Devotha, Mika na Editha. Bi Lucia alikuwa amekulia karibu na uwanda wa Kitulo, na alikuja Ikovo akiwa na ujuzi wa maua ya porini ambao hakuna aliyekuwa nao hapa. Yeye ndiye aliyewakataza wanawe kuchimba viazi vya maua hayo, ambavyo watu huvichimba kwa magunia na kwenda kuviuza ng'ambo ya mpaka. Alifariki tarehe 3 Mei 1998, akazikwa makaburini kwa ukoo, katikati ya mteremko wa mlima Lihavule, pamoja na wazee sitini waliomtangulia.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu alituagiza tusiparuke.

Mwaka 2003 Serikali iliamua kuufanya mlima Lihavule kuwa hifadhi, kwa sababu ya msitu wake, maua yake, na mapango yenye michoro ya watu wa kale. Marehemu, aliyekuwa amerejea kijijini kulima, alikuwa mtu wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono. Wapo waliomwita msaliti kwa ajili hiyo, na baadhi yao wamekaa hapa leo wamevaa kofia. Mkutano wa kijiji ulikubaliana na wahifadhi kwamba mpaka upite kileleni: msitu wa ng'ambo uwe wa hifadhi, na mteremko wa huku, wenye makaburi na chemchemi, ubaki kijijini. Makubaliano hayo yaliandikwa na kutiwa sahihi. Yapo. Yameonyeshwa katika ofisi nyingi kiasi kwamba karatasi imepata matundu kwenye mikunjo.

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Februari 2004, wapima walihitaji watu wa kubeba bikoni namba 17, jiwe la mpaka, hadi kileleni. Walichaguliwa watatu: marehemu, kwa kuwa aliijua kazi hiyo, binamu yake Hilario, na jirani yao Lameki. Bikoni ilikuwa ya zege, ikifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili huku wa tatu akipokezana nao. Walipofika makaburini walifanya kile ambacho kila mtu wa ukoo huu hukifanya. Kwa desturi yetu hapiti mtu makaburini na mzigo mabegani. Huutua, hupiga makofi mara tatu, husema "Kamwene" kwa waliolala, kisha huubeba tena. Waliitua bikoni hatua chache chini ya kaburi la kwanza, wakapiga makofi, wakasalimia. Kabla hawajainuka ikaanza mvua ya mawe, nayo haikukatika hadi giza. Wakakubaliana kuifikisha kileleni asubuhi.

Asubuhi hiyo mpima alitangulia na vijana wake wa saruji. Aliikuta bikoni imesimama, akadhani wabebaji wamemaliza kazi yao, akachukua vipimo vyake na kuisimika palepale. Marehemu na wenzake walipofika saa mbili na nusu, jiwe lilikuwa limeshajengewa.

"Bwana mpima," alisema marehemu, "hapa sipo penyewe. Hapa tulitua tu, tukasalimia."

"Mlimsalimia nani?"

"Wazee."

Mpima alitazama kulia na kushoto, hakuona wazee. "Mzee wangu, jiwe liko wapi?"

"Liko hapa, lakini mahali pake ni kule juu."

"Basi liko hapa. Nimeshaandika."

Kwa maandishi hayo, makaburi sitini na moja, chemchemi, na ekari thelathini na nane za mteremko viliingia ndani ya hifadhi kwa sababu ukoo wetu una adabu. Marehemu hakumlaumu mpima peke yake. Alijilaumu yeye. Alikumbuka hadi siku zake za mwisho kwamba alipoligusa jiwe lile, lilitikisika. "Saruji ilikuwa mbichi," alisema. Hilario na Lameki walimtazama wakisubiri aseme neno, na mikono sita ingelitosha. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba jiwe lililosimikwa haliguswi. Akawaambia waende nyumbani, yeye ataandika barua.

Aliandika barua thelathini na moja. Nakala zote zipo kwa Devotha, katika sanduku la bati. Majibu yalikuwa manane. Matatu yalisema suala lake linafanyiwa kazi. Mawili yalimtaka apeleke barua hiyohiyo kwenye ofisi iliyokuwa imemtuma huko. Moja lilieleza kwamba bikoni haiwezi kuwa mahali pasipo pake, kwa kuwa ramani inaonyesha iko hapohapo. Marehemu alijibu kwamba ramani ilichorwa kwa kufuata bikoni, na hakujibiwa tena kwa miaka minne. Jibu la saba lilifika kwa lori, likiwa ni mizinga ya nyuki ishirini, zawadi ya ujirani mwema. Aliomba mpaka, akaletewa nyuki. Aliipanga mizinga vizuri, akiwa amenuna, kwa kuwa nyuki hawakuwa na hatia. Jibu la nane tutalieleza mwishoni.

Kuanzia mwaka 2006 hadi 2021 alikuwa katibu wa Kamati ya Ujirani Mwema. Alihudhuria semina saba, akarudi na fulana saba, na katika kila semina alisimama kuuliza habari za bikoni namba 17. Mara zote saba aliambiwa kwamba hilo ni swali zuri. Hata hivyo ni yeye aliyewaongoza wanakijiji kufyeka barabara za kuzuia moto kila mwezi Juni, na ni kwa kazi hiyo moto mkubwa wa Oktoba 2012 ulikomea ukingoni bila kuingia msituni. Ni yeye aliyewafuata wachimbaji wa viazi vya maua hadi stendi ya Makambako, akakaa juu ya magunia yao mpaka askari walipokuja. Aliilinda hifadhi iliyokuwa imemfungia mkewe ndani, na kila alipoulizwa inakuwaje, alijibu kwamba msitu haukuandika barua yoyote.

Geti la Lihavule lilifunguliwa mwaka 2007, na tangu mwaka huo kila tarehe 3 Mei alifika hapo kwenda kumwona Bi Lucia. Askari Fredy, ambaye leo ni mmoja wa wabebaji wa jeneza, hakuisahau siku ya kwanza.

"Shikamoo, mzee. Sababu ya kuingia?"

"Marahaba. Kumtembelea mke wangu."

Fredy aliigeuza fomu mbele na nyuma. "Humu kuna utalii, utafiti na upigaji picha tu, mzee. Andika utafiti."

"Utafiti wa nini?"

"Wa mimea."

"Kijana, nimekaa naye miaka ishirini na mitatu na miezi minane. Nimeshamtafiti vya kutosha."

Hatimaye aliandikwa mtalii wa ndani, idadi mmoja. Daftari la geti linaonyesha kwamba mtalii huyo ameingia mara kumi na tisa. Kwa mujibu wa kanuni alisindikizwa, na kwa mujibu wa kanuni hakuruhusiwa kung'oa mmea wowote, hata nyasi juu ya kaburi. Mwaka wa tatu, ua adimu la zambarau lilichipua kwenye kaburi la Bi Lucia, upande wa kifuani. Fredy alichuchumaa kulitazama.

"Mzee, hili ndilo hasa tunalolilinda hapa."

"Na aliye chini yake?"

Fredy aliinuka, akageuza uso. Tangu siku hiyo, kila tarehe 3 Mei, alipomfikisha mzee makaburini aligeuka kutazama upande wa pili, nyasi zikapungua zenyewe. Ua halikuguswa.

Uchungu wake mkubwa ulitoka nyumbani. Tarehe 19 Oktoba 2015, vijana tisa wa kijiji, akiwemo mwanawe Mika, walipanda na mitaimbo kwenda kuling'oa jiwe. Walimkuta marehemu amekalia bikoni, anakula viazi alivyofunga kwenye leso.

"Baba, ondoka hapo," alisema Mika.

"Nimekaa."

"Miaka kumi na moja ya barua, baba! Wamekupa nyuki na fulana! Tuling'oe tulipeleke kileleni, yaishe."

"Mkiling'oa mtakuwa mmeng'oa ushahidi. Leo jiwe liko mahali pa kosa na mimi niko hai kuonyesha kosa. Mkilisogeza, kesho nani ataamini kwamba kosa lilikuwa lao, na si sisi tuliolichezea?"

Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Mwacheni, huyu ameolewa na hifadhi."

"Ningekuwa katika ndoa na hifadhi," alijibu marehemu huku akimenya kiazi, "ingeniita nikaitika, au ningeita ikaitika. Kaeni mle."

Wanne waliondoka wakisonya. Watano walikaa. Mika hakula, na hakuzungumza na baba yake hadi Krismasi. Familia inalisema hili kwa ruhusa ya Mika mwenyewe.

Lameki alikuwa ameshafariki mwaka 2011. Hilario alipofariki mwaka 2017, marehemu alibaki shahidi pekee wa jambo lile, na hapo ndipo alipoanza kuwa na haraka. Alitoa maelezo yake mbele ya hakimu, yakagongwa muhuri, na ofisi ikamwambia kwamba maelezo hayatoshi, anatakiwa shahidi mwenyewe aonyeshe mahali mbele ya wapimaji. Aliuliza wapimaji watakuja lini. Aliambiwa kwamba hilo ni swali zuri.

Mwezi Agosti 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya moyo. Alitibiwa mjini Njombe, akakaa miezi mitano Lyamkena kwa Editha ili awe karibu na kliniki. Daktari alimkataza kupanda mlima. Mzee Mustapha, aliyekuwa akija kila Ijumaa baada ya swala kumjulia hali, alimsihi hata yeye: "Lenard, moyo umechoka. Acha hilo jiwe." Marehemu alimjibu, "Moyo umechoka kwa sababu ya hilo jiwe. Likisogea utapona." Tarehe 3 Mei mwaka huu alipanda. Mwendo wa saa moja ulimchukua saa nne, akishikwa mkono na Fredy upande mmoja na Mika upande wa pili, akiwakaripia wote wawili kwamba wanamharakisha.

Alipanda kwa mara ya mwisho akiwa na jambo la kuamua. Alitamani kulala kando ya mkewe, na hakukuwa na fomu ya jambo hilo pia. Wapo wanafamilia waliomwambia kwamba wangemzika tu, na atakayekuja kumfukua aje. Alikataa. Alisema hakukaa juu ya jiwe mwaka 2015 ili avunje mpaka akiwa maiti, siku ambayo hawezi kujieleza. Akamwomba Fredy alete futi yake. Walipima kutoka bikoni namba 17 kuja upande wa kijiji, mita nne na nusu, na Mika akapiga kigingi pale. "Nizikeni hapa," alisema, "nje ya mpaka wao, chini ya kosa langu." Kutoka kwenye kigingi hadi kwa Bi Lucia ni hatua arobaini na moja. Alizihesabu mwenyewe akirudi, akasema ni nyingi.

Hali yake ilibadilika tarehe 14 Juni. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, alimuuliza Devotha, "Barua imefika?" Devotha akamjibu, "Bado, baba." Alifariki dunia saa tano na dakika ishirini, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, miezi mitatu na siku tatu.

Barua ilifika kesho yake, saa nane mchana, kwa bodaboda kutoka Njombe, wakati turubai la msiba limekwisha kufungwa. Imeandikwa tarehe 2 Juni. Inasema kwamba timu ya wapimaji itafika Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, kuhakiki bikoni namba 17. Inamtaka Ndugu Lenard M. Mtewele afike eneo la tukio yeye mwenyewe, bila kutuma mwakilishi, aonyeshe mahali. Devotha aliisoma kwa sauti. Ni Mika aliyeangua kicheko, kicheko kibaya, kisha akalia kama mtoto, na Mzee Mustapha akamshika begani akasema, "Mjibuni. Baba yenu hajawahi kuacha barua bila jibu."

Jibu limeandikwa, limetiwa sahihi na watoto wote watatu, na litapelekwa kwa mkono keshokutwa Jumatatu. Ni barua ya thelathini na mbili. Inaeleza kwamba Ndugu Lenard M. Mtewele amepokea wito, kwamba tarehe 9 Septemba atakuwepo eneo la tukio yeye mwenyewe, bila mwakilishi, mita nne na nusu kutoka kwenye jiwe, na kwamba atakuwa amewahi.

Marehemu ameacha watoto watatu, Devotha, Mika na Editha, wajukuu tisa, vitukuu wawili, dada yake Oktavia, rafiki yake Mzee Mustapha Nasiri, mizinga ya nyuki ishirini, na sanduku moja la bati ambalo familia inaomba mtu asilifunge bado.

Wabebaji wanaombwa kufuata maelekezo yake. Mtakapofika kwenye kigingi, mtatua jeneza chini, mtapiga makofi mara tatu na kuwasalimia waliolala, kama mlivyofundishwa. Safari hii mzigo ubaki pale ulipotuliwa.

Apumzike, na amani ya Bwana ikae naye pande zote mbili za mpaka.